Buluu ya Shaib Vigae

Asubuhi aliyofariki Shaib, maji yalikuwa yamekupwa mpaka mbali, naye alikuwa ametoka kuokota vigae vya chupa ufukweni. Alirudi na mchanga miguuni, akaketi barazani, akamwomba mkewe maji ya kunywa. Thuwaiba alipotoka na kata, mumewe alikuwa ameegemea ukuta, uso umetulia kama wa mtu anayesikiliza redio ya jirani. Maji yale yalimwagika pale pale kizingitini.

Wakati wa kumwosha, mdogo wake Yakoub alikuta fundo kwenye pindo la kikoi chake. Akalifungua. Ndani mlikuwa na kipande cha kioo cha buluu, kimelainishwa na mchanga na mawimbi mpaka hakikati tena. Yakoub akaupitisha mkono nyuma ya pazia walikokuwa wanawake, akakiweka kiganjani mwa shemeji yake.

Shaib alikuwa fundi baiskeli, na mafundi baiskeli Kigombe si wengi, lakini hakuna aliyemwita fundi. Walimwita Shaib Vigae. Kila maji yakipwa aliinama ufukweni kama mtu aliyepoteza sindano. Vipande vya kijani na vya kahawia aliviacha. Vya buluu alivitia kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda, akamwambia mkewe, "Hizi shanga za kiuno chako." Thuwaiba akamjibu, "Nitazivaaje, kwa gundi?" Wakacheka. Hawakujaliwa watoto, lakini kicheko kilikuwamo ndani ya nyumba ile.

Wiki mbili kabla ya siku ile, Shaib alirudi kutoka Tanga mjini na jibu. Kuna mwanamke huko, alisema, anafundisha kuyeyusha chupa kwa moto na kuzigeuza shanga. Amekwisha kusema naye. "Mwezi ukiandama nakupeleka," alimwambia mkewe. Mwezi ukaandama, Shaib yuko kaburini.

Thuwaiba akakaa eda. Alivua hereni, bangili na shanga zake zote, akajifungia ndani na mama mkwe wake Bi Tabia, mpaka miezi minne na siku kumi zikatimia. Siku moja alitazama kwenye simu ya jirani yake Devota namna watu wanavyoyeyusha kioo, akajaribu kwenye jiko la mkaa kwa kigae cha kahawia. Kigae kikapasuka kwa kishindo, kijinga cha moto kikaruka hadi kwenye mkeka wa Bi Tabia. Kumbe kuna kazi zisizofundishika kwenye simu, mpaka mkono ukae karibu na mkono.

"Mwanangu," alisema Bi Tabia akizima mkeka kwa kandambili, "ukitaka kunifuatisha na mwanangu niambie, nikaoge kwanza."

* * *

Siku ya kutoka eda, jamaa walikusanyika. Thuwaiba aliogeshwa, akavikwa kanga mpya, akafukizwa udi. Baada ya chai Yakoub alisafisha koo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeogopa maneno ya watu.

"Shemeji, umetoka salama, alhamdulillahi. Sasa nia yako ni ipi? Utarudi kwenu Moa, au utakaa na Mama?"

"Nitakaa na Mama," alisema Thuwaiba. "Ila nataka niende Tanga kusomea shanga."

"Shanga gani?"

"Za kioo. Kaka yako alikwisha kunisemea kwa mwalimu."

Watu wakatazamana. Shangazi mmoja wa marehemu, Bi Saumu, akacheka ndani ya leso. "Maji ya kutoka eda hayajamkauka, keshataka shanga. Shanga si mkufu, mwanangu. Shanga zina mtu wake. Sasa mjane anamvalia nani?"

Thuwaiba aliinamisha kichwa. Masikio yalimwaka moto. Alikuwa na jibu tangu siku ya kwanza ya eda, lakini ni jibu ambalo mtu hawezi kulitoa mbele ya mashemeji: kwamba kopo lile la vigae ndilo neno la mwisho alilosemeshwa na mumewe, naye anataka kulivaa.

"Na safari zenyewe za peke yako," aliongeza Yakoub. "Mjane wa juzi, kila wiki mjini. Watu watasemaje?"

"Kweli," alisema Bi Tabia. Alikuwa somo mkongwe, mwenye kuwafunda wari. Wari wangapi wa Kigombe waliingia nyumba za waume zao na maarifa yake, hata yeye hakumbuki. "Mjane hatembei peke yake, Yakoub kasema kweli. Nitakwenda naye."

"Mama, na magoti yako hayo?"

"Magoti yangu yatapanda basi, hayatakwenda kwa miguu."

Yakoub akashusha pumzi. "Haya. Lakini nikisikia neno moja la aibu juu ya nyumba hii, safari imekwisha."

* * *

Neno la aibu lilikaribia kusikika safari ya kwanza tu. Mwalimu hakutoza ada ya fedha kwa wanawake wa vijijini. Aliwataka walete chupa tupu. Na chupa tupu, hata Kigombe, ziko nyingi nyuma ya baa ya barabarani. Thuwaiba alikwenda kuziokota jua lilipochomoza, uso ameufunika. Hivyo asubuhi ya Jumanne wanawake wawili wenye mabuibui walipanda basi na gunia lililolia ngle-ngle-ngle kila gurudumu lilipogusa shimo.

Kondakta alilitazama gunia, akawatazama wao. "Shikamoo, bibi. Leo kuna harusi ya walevi?"

"Marahaba. Iko," alisema Bi Tabia, "na bwana harusi ni weye. Tupishe tukae."

Basi zima likacheka. Thuwaiba peke yake ndiye aliyetamani kuingia ndani ya gunia.

Mwalimu aliitwa Bibiana. Alikuwa mwanamke mnene mwenye rozari shingoni, mtoto wa kambi ya mkonge, na darasa lake lilikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba yake Chumbageni. Alimwamkia Bi Tabia kwa heshima, akalipokea gunia, kisha akamtazama Thuwaiba.

"Wewe ndiye mke wa yule bwana wa baiskeli? Aliniambia atamleta mkewe, anapenda buluu. Mbona hakuja mwenyewe?"

Thuwaiba akamgeukia mama mkwe wake. Bi Tabia akajibu, "Ametangulia, mwalimu. Sisi ndio mizigo yake." Bibiana akaelewa. Akamvutia mjane kiti kilichokuwa karibu kabisa na meza yake, na tangu siku ile kiti kile hakukikalia mwingine.

Mezani palikuwa na mdomo wa shaba uliotoa moto wa gesi, mwembamba na wenye mngurumo. Palikuwa na miwani myeusi, na kopo la udongo laini kama uji. Na palikuwa na rundo la spoki za baiskeli. Thuwaiba alizitazama zile spoki mpaka macho yakamwuma. Unachovya spoki kwenye udongo, alieleza Bibiana, ukauke. Kisha unayeyusha kigae kwenye moto, unakizungusha juu ya ule udongo mpaka kishike umbo. Udongo ndio unaoifanya shanga ichomoke, na mahali spoki ilipopita ndipo panapobaki tundu la uzi.

"Zungusha, usiache kuzungusha," alisema Bibiana. "Kioo kikiwa moto ni kama asali. Ukisimama, kinadondoka."

Shanga ya kwanza ya Thuwaiba ilitoka imepinda upande. Binti mmoja aliyesuka nywele ndefu, Anastazia, mwanafunzi aliyetangulia, aliitazama akashindwa kujizuia.

"Dada, hii ni shanga au jino la bibi?"

"Jino langu mie lina nafuu," alisema Bi Tabia kutoka kwenye kigoda chake. "Lakini mwanangu, hizi si chupa za pombe? Mnataka watu wajifunge bia kiunoni?"

"Moto umeshazitoharisha, bibi," alisema Bibiana, na hata yeye akacheka.

Kuna mambo mawili aliyoyasisitiza Bibiana siku ile. La kwanza, kila shanga na kioo chake. "Usichanganye vioo viwili katika shanga moja, hata rangi zikifanana. Vikiwa moto vinapatana. Vikianza kupoa vinagombana, kimoja kinampasua mwenzie."

"Wake wenza," alisema Bi Tabia. "Mbona nawajua."

La pili lilihusu jivu. Shanga ikitoka motoni hufukiwa ndani ya chungu cha jivu la moto kilichowekwa juu ya makaa, ipoe taratibu usiku kucha. Isifunuliwe. Isiguswe. Upepo wa dakika moja unatosha kuiua. Lakini neno hili la pili lilipokuwa linasemwa, Bi Tabia alikuwa getini ananunua mihogo ya kuchoma, akibishana na mwuzaji kwamba haikugeuzwa vizuri.

* * *

Wiki zikapita. Mkono wa Thuwaiba ukatulia. Ulikuwa mkono uliowahi kunyoosha spoki usiku na mchana akimsaidia mumewe, nao ukakumbuka. Shanga zake za kijani zikawa za mviringo, Anastazia akaacha kucheka, akaanza kumwuliza, "Dada, wewe unazungusha kwa vidole vipi?" Kondakta naye alizoea ngle-ngle-ngle. Ikawa kila akiliona lile gunia anauliza, "Bibi, harusi yetu lini?" na Bi Tabia anamjibu, "Ukiota ndevu."

Ndipo Jumanne moja Thuwaiba akalitoa kopo la maziwa mkobani, akalimimina juu ya meza. Banda lote lilisogea kuitazama ile buluu. Alikunja mikono ya buibui, akavaa miwani, akaanza. Kipande kilichotoka kwenye pindo la kikoi alikifanya cha mwisho. Alipokizungusha kwenye moto kikawa chekundu, kisha cheupe, na kilipoanza kupoa buluu ikarudi yenyewe polepole, kama mtu anayeitwa kwa jina. Akazifukia zote kwenye chungu chake, akaenda kutawadha kwa ajili ya adhuhuri.

Jioni, kwenye basi, Bi Tabia alikuwa na furaha ya mtu aliyetenda wema.

"Nimekugeuzia," alisema.

"Umegeuza nini, Mama?"

"Shanga zako. Ulipokwenda kusali nimefunua kile chungu, nikaona zimelalia upande mmoja tu. Kitu kilichofukiwa jivuni sharti kigeuzwe, mwanangu, ama kiungue upande mmoja. Mihogo yote niliyochoma tangu utoto, mie sijui? Nimezitoa kwa kijiti, nikazipuliza jivu, nikazigeuza, nikazirudisha."

Thuwaiba alitazama nje ya dirisha. Minazi ilipita, na mashamba ya mkonge, na nyumba ya mtu aliyeanika kanga uani. Alitumaini tu kwamba hazijapasuka.

* * *

Alhamisi Bibiana alimkabidhi kila mtu chungu chake. Thuwaiba aliingiza mkono kwenye jivu baridi, akatoa shanga ya kwanza, ikamfia kiganjani vipande viwili. Ya pili ilikuwa na ufa kama uzi. Ya tatu ilivunjika alipoipangusa. Alipomaliza, zima zilikuwa tatu, na hakujua kama ile ya pindoni imo miongoni mwa hizo.

"Hivi vipande siwezi kuviyeyusha tena?" aliuliza.

"Vimekula jivu na udongo," alisema Bibiana kwa upole. "Havitashikana. Nani alifunua chungu hiki?"

Bi Tabia akanyanyua mkono, kama mtoto wa shule.

Thuwaiba akageuka. Maneno yalimtoka hata kabla hajayapima. "Lile kopo lilikuwa Shaib mzima, Mama. Ndicho nilichobakiwa nacho. Umekimaliza kwa kukigeuza kama muhogo."

Anastazia aliyashusha macho yake sakafuni. Bi Tabia alivuta buibui lake mpaka kidevuni.

"Weye ulimkuta," alisema. "Mie nilimzaa."

Hawakusemeshana tena. Ndani ya nyumba yao vikawepo vyungu viwili: mmoja anapika wali wake, mwingine anapika wake, kila mtu na moto wake na chumvi yake. Devota alikuja kuazima mwiko, akaona vyungu vile, akasahau mwiko. Kabla ya magharibi Bi Saumu alikuwa amekwisha kujua. Kabla ya isha Yakoub alikuwa amesimama mlangoni.

"Mioshi miwili katika nyumba moja," alisema. "Mama yangu anajipikia, na umri huu. Hili ndilo neno nililolisema, shemeji. Safari ya Tanga imekwisha."

Thuwaiba hakubishana. Alizifunga zile shanga tatu kwenye pindo la kanga yake, akaingia ndani.

* * *

Jumanne, baada ya sala ya alfajiri, Thuwaiba alimkuta Bi Tabia ameketi barazani amevaa buibui. Miguuni pake palikuwa na mchi wa kinu, na mapajani kifurushi cha kanga.

"Vaa," alisema mama mkwe.

"Yakoub kasema basi, Mama."

"Yakoub naye nimemzaa mie. Vaa, basi halingojei mtu."

Konda aliuona mchi. Akamtazama bibi usoni, akaona afadhali leo asiulize lolote kuhusu harusi.

Chumbageni, Bi Tabia alikwenda moja kwa moja hadi mezani kwa Bibiana, akakifungua kifurushi. Ilikuwa chupa ya dawa ya zamani, nene, ya buluu iliyokolea, mdomo wake umemeguka kidogo. Thuwaiba aliijua. Miaka yote ilikaa dirishani kwa mama mkwe na mafuta ya nazi ndani, wala hakuna mtu aliyeruhusiwa kuyachota isipokuwa mwenyewe.

"Mafuta nimeyahamishia kwenye kopo la siagi," alisema Bi Tabia. "Hii chupa aliniokotea Shaib alipokuwa hana meno ya mbele. Ndiyo yake ya kwanza. Aliileta na kaa wake ndani, nikamtoa kaa, mtoto akalia mchana kutwa. Alikuwa analilia kaa, hana habari na chupa." Akacheka, na kicheko kikamletea machozi, akayapangusa kwa kiwiko. "Mwalimu, inafaa?"

Bibiana aliinyanyua kwenye mwanga. "Inafaa sana, bibi. Lakini ni chupa nzuri."

Bi Tabia akaukamata mchi. Thuwaiba akamshika mkono. "Mama, hii usiivunje. Nisamehe kwa maneno yale. Hii ni yako."

"Na nikifa utaitia nini? Mafuta? Niachie mkono, mwanangu, nisije nikavunja meza ya watu."

Akapiga. Chupa iligawanyika vipande vikubwa vyenye kung'aa, na Bi Tabia akavipiga tena taratibu, kwa mkono wa mtu aliyetwanga maisha yake yote.

Siku ile Thuwaiba alifanya kazi bila kupumzika. Kila shanga na kigae chake. Alipozifukia, Bi Tabia aliburura kigoda mpaka kando ya chungu, akaketi, mchi mapajani. Anastazia alipopita kuchukua maji, bibi akamkemea. "Pita mbali. Upepo wa gauni lako huo utafunua."

"Bibi, nimepita hatua kumi."

"Pita ya kumi na moja."

* * *

Alhamisi zilitoka nzima. Thuwaiba alizimimina kwenye sahani ya bati, zikalia kama mvua inayoanza juu ya bati, na Anastazia akapiga kigelegele kabla ya mtu mwingine yeyote kufumbua mdomo. Bibiana akampa Thuwaiba fundo la uzi mgumu na shanga ndogo nyeupe za dukani za kujazia katikati. "Chukua. Na ukimaliza, njoo. Kuna wageni wanataka za kijani, na mkono wangu mmoja hautoshi."

Zilitungwa Kigombe, chumbani kwa Bi Tabia, kwa sababu shanga za kiuno hutungwa na somo. Nyeupe, nyeupe, buluu ya chupa. Nyeupe, nyeupe, buluu ya chupa tena. Zile tatu za vigae vya Shaib, Bi Tabia alizitia katikati, mahali ambapo uzi hupita juu ya kitovu.

"Mwalimu alisema vioo viwili vinagombana," alisema Thuwaiba.

"Ndani ya shanga moja," alisema Bi Tabia, akilowesha ncha ya uzi kwa mate. "Kwenye uzi mmoja kila mtu ana nafasi yake."

Bi Saumu alikuwa amekuja kushuhudia, na alikuja na swali lake lile lile. "Haya, zimependeza. Lakini hamjaniambia. Anamvalia nani?"

Bi Tabia hakuinua macho. "Saumu, aliyekufa ni mwanangu. Kiuno cha mkaza mwana wangu kiko hai, na kinajivalia."

Wanawake waliokuwemo wakaangua kicheko mpaka Devota akashika ubavu. Bi Saumu alijaribu kununa, akashindwa, akasogea karibu kuzihesabu zile buluu kwa kidole. "Na mtu akitaka za kwake," aliuliza kwa sauti ya chini, "huyo mwalimu anachukua chupa za soda?"

Nje pakasikika kikohozi. Yakoub alikuwa amesimama upande wa pili wa pazia. Hakuingia, kwani alijua kinachofanyika mle. Alikuwa amekuja kusema maneno ya safari, lakini alikuta chungu kimoja jikoni, moto mmoja, na kicheko cha mama yake ambacho hakukisikia tangu msibani. Kisha mkono ukaingia pembeni mwa pazia, umekunja ngumi, ukakunjuka.

"Shemeji. Leo maji yalikuwa yamekupwa."

Kiganjani mlikuwa na kigae cha buluu, kidogo kuliko ukucha, bado kina chumvi.

Thuwaiba akakichukua. Bi Tabia akafunga fundo la mwisho, akaung'ata uzi.

Sasa Jumanne na Alhamisi nyumba ile hufungwa, na ufunguo huachwa kwa Devota. Wanawake wawili hupanda basi la asubuhi na gunia lao, na kwenye banda la Chumbageni mmoja huzungusha spoki, mwingine hulinda chungu. Kopo la maziwa limerudi chini ya kitanda. Halijajaa.